TELA LIPANDE, LUMBESA ISHUKE



Naandika juu ya tela letu dogo la pawatila, lile lililolala kando ya ghala tangu msimu uliopita, mpaka kuku wameanza kutagia ndani yake. Mkutano Mkuu umekaribia na tela limo kwenye ajenda. Nimesikia maneno mengi kilabuni, kisimani na pale kwenye mashine ya kukoboa. Maneno ya kilabuni hayana mwenyewe, kesho mtu anayakana. Maneno ya ukutani yana mwenyewe. Basi haya ni yangu, na asiyekubaliana nayo aandike ya kwake yabandikwe hapa pembeni. Karatasi iko kwa karani, kalamu ipo, na kusoma tumejifunza wote.

Yako makundi matatu yanayosema juu ya tela. Kundi la kwanza linasema tela liuzwe, halifai. Kundi la pili linasema tela liinuliwe futi nzima liwe refu kama lori. Kundi la tatu linasema tungoje, msaada utakuja. Mimi nasema makundi yote matatu yanatupoteza. Tela liinuliwe, ndiyo, lakini liinuliwe kwa kipimo, kwa chuma na kwa hesabu. Halafu tuwekeane sheria ya mzigo. Nitaeleza moja moja.

KWANZA TUSEME HASARA INAKOTOKA

Tela likikwama, nani anabeba? Mnamjua. Ni mama zetu na dada zetu, ndoo kwa ndoo, debe kwa debe, kichwani, kutoka majarubani mpaka barabarani. Asiye na kichwa cha kubebea anafanyaje? Anauza pale pale tutani. Na anayenunua pale tutani anakuja na gunia lake mwenyewe, limeshonewa kilemba juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linaongezwa kofia ya nyavu mpaka linakuwa kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Mkulima analipwa gunia moja. Kilichozidi ni cha nani?

Ndugu zangu, lumbesa si desturi, ni wizi wa mchana. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inaikataza, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Mzani wetu upo ghalani, umegongwa muhuri. Lakini mzani hauendi shambani, ni mpunga unaokuja kwenye mzani. Na mpunga unakuja kwa tela. Kwa hiyo mtu anayekwambia habari ya tela ni habari ya chuma na tairi tu, mwambie siyo. Tela likisimama, lumbesa inatembea. Tela likitembea, lumbesa inasimama.

WANAOSEMA TELA LIUZWE

Hawa wanasema: "Hili tela ni chini mno, limetengenezwa kwa lami, sisi tuna matope." Sehemu moja ya maneno yao ni kweli. Pawatila na matela yake vilikuja kwa wingi vijijini baada ya tamko la Kilimo Kwanza mwaka 2009, na hili letu ni la aina ya kukimbia barabarani. Lakini mtu akinunua suruali ndefu anaitupa? Si anapeleka kwa fundi cherehani ikapunguzwe? Nasi tumenunua fupi, tutairefusha.

Tuulizane pia nani atalinunua, na tukishauza tutabeba kwa nini. Nimeambiwa lipo gari la mtu litakalokuja kwa kukodi. Vizuri. Gari hilo litavuka mfereji mkuu? Halivuki. Litasimama ng'ambo, kwenye changarawe, na mpunga utalifuata kichwani kama zamani. Tena mwenye gari ndiye atakayepanga bei ya usafiri, siku ya kuja na siku ya kutokuja. Mwenye gari akiwa ndiye mnunuzi, basi kazi imekwisha, tumeshikwa mkono na mguu.

Siwasemi vijana wa bodaboda. Wao wanatafuta riziki, na gunia moja moja watabeba tu. Nawasema madalali wanaokaa chini ya mti na kuwanong'oneza wajumbe kwamba ushirika ubaki na ofisi, daftari na muhuri, mali nyingine iuzwe. Ushirika usio na mali ni jina tu. Wazee wanakumbuka: mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ikachukua mpaka sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha. Kuvunja ni neno la siku moja, kujenga upya ni miaka. Yule wa 1976 tulivunjiwa kutoka juu. Huu wa leo tunataka kuuvunja wenyewe kwa mikono yetu, chuma kwa chuma, tukianzia na tela?

WANAOSEMA LIINULIWE FUTI NZIMA

Hawa ni vijana wetu wengi, na moyo wao ni mzuri. Lakini urefu peke yake si sifa. Twiga ni mrefu na hana sauti ya kuita mtu.

Mimi, dereva na karani tumelipima tela kwa futi kamba, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Vipimo ni hivi, kila mtu aende akavihakiki:

Tairi lina kimo cha sentimita 60, kwa hiyo katikati ya ekseli iko sentimita 30 kutoka ardhini. Ekseli ina unene wa sentimita 5. Springi zimefungwa chini ya ekseli, na fungu la majani ya springi lina unene wa sentimita 4. Chini ya springi kuna bamba na nati za yubolti zinazoning'inia, na hapo ndipo chini kabisa: sentimita 20 tu kutoka ardhini. Vyuma vya chesisi vinavyoshika sakafu viko sentimita 40.

Sasa, tela linakwama wapi? Linakwama mahali pawili, na mahali hapa pawili hapafanani. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ubishi wote wa kilabuni unapopotea.

Mahali pa kwanza ni tuta la mfereji mkuu. Tuta lina kimo cha sentimita 45. Pawatila inapanda, inashuka ng'ambo, matairi ya tela bado yako huku, na tuta linabaki katikati. Chesisi iko 40, tuta ni 45. Tela linakaa juu ya tuta kwa tumbo kama chura. Tukilikata tuta, maji yanakwenda kwa jirani na ugomvi wa maji tunaujua. Hapa dawa ni kuinua bodi ya tela.

Mahali pa pili ni njia ya mbugani, kwenye mifuo ya matairi. Pale matairi yanazama ndani ya mifuo na tuta la kati linakwangua ekseli. Hapa, ndugu zangu, hata ukiinua bodi mpaka mawinguni, ekseli inabaki pale pale, kwa sababu ekseli inabebwa na tairi, haibebwi na springi. Ukitaka ekseli ipande unaweka tairi kubwa. Nalo tairi likizidi kimo kwa sentimita 6, ekseli inapanda 3 tu, maana nusu ya nyongeza inakwenda juu. Sasa piga hesabu ya bei ya tairi mbili mpya na rimu zake, kwa sentimita 3.

Basi anayesema kuinua kunamaliza matatizo yote anadanganya. Na anayesema kuinua hakusaidii kitu naye anadanganya. Kuinua kunavusha tuta. Mifuo ya mbugani inajazwa kwa mawe, changarawe na majembe, nayo ni kazi ya msaragambo siku mbili. Pale tusiinue tela, tuinue njia.

KUINUA KWENYEWE NI HIVI

Springi zilizo chini ya ekseli zihamishwe juu ya ekseli. Basi. Hatununui springi mpya, hatununui ekseli mpya. Ekseli ya sentimita 5, jumlisha springi ya sentimita 4, bodi inapanda sentimita 9. Chesisi iliyokuwa 40 inakuwa 49. Tuta ni 45. Tumevuka! Na faida nyingine: springi hazitaning'inia tena chini ya ekseli, litabaki bamba peke yake, kwa hiyo hata kule chini tutapata nafasi kidogo kwenye mifuo.

Lakini kazi hii ina masharti, na fundi asiyeyajua asiguse tela letu.

Sharti la kwanza: zisiwekwe mbao. Nimesikia mtu anasema ati tukate vipande vya mninga tuviweke kati ya springi na ekseli, rahisi. Mbao inabonyea kwa mzigo, inaoza kwa tope, nati zinalegea, ekseli inasogea upande mmoja, na tela linatembea mshazari kama kaa. Siku moja kwenye mteremko yubolti inakatika na ekseli inabaki nyuma. Viti vya springi viwe vya chuma, vichomelewe juu ya ekseli.

Sharti la pili: ekseli isigeuzwe juu chini ili kukwepa kuchomelea viti vipya. Ekseli yetu imepindwa kidogo sana, katikati imeinuka, ili mzigo ukikaa inyooke na matairi yasimame wima. Ukiigeuza, mzigo unaizidisha kupinda, matairi yanalala na yanaliwa upande mmoja.

Sharti la tatu: wakati wa kuchomelea, waya wa ardhi wa mashine ufungwe kwenye ekseli, pale pale karibu na pa kuchomelea. Umeme ukipita kwenye beringi unaziunguza, na hutajua mpaka gurudumu likwame njiani. Umbali kutoka kiti kimoja mpaka kingine upimwe mara mbili, kushoto na kulia sawa, ekseli ikae mraba na chesisi.

Sharti la nne: mkono wa tela. Bodi ikipanda sentimita 9 na pini ya pawatila ikabaki chini, tela litainamisha kichwa. Magunia yatateleza mbele yamwangukie dereva mgongoni. Kwa hiyo ncha ya mkono iongezewe kipande cha chuma cha kushusha kiungio sentimita hizo hizo 9. Ili kuhakikisha, chukua chupa ya maji, ilaze juu ya bodi, uangalie povu la hewa linasimama wapi. Likisimama katikati, tela limekaa sawa.

Sharti la tano: breki. Chuma cha kuvutia breki kitakuwa kifupi baada ya bodi kupanda. Kirekebishwe na breki ijaribiwe, tela tupu kwanza, kisha na mzigo, kabla halijashuka mteremko wowote. Nati za yubolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, maana chuma kipya kinakaa.

SASA HABARI YA KUPINDUKA

Wapinzani wana hoja moja ya maana, nami siikwepi. Wanasema: tela likipanda litapinduka. Ni kweli kwamba kitu kirefu kinapinduka upesi kuliko kifupi. Kwa sababu hiyo hiyo nakataa futi nzima. Lakini tupige hesabu ya hizo sentimita 9.

Sakafu ya tela iko sentimita 55 kutoka ardhini. Gunia lililolazwa lina kimo cha kama sentimita 30. Safu mbili za magunia zinafika 115, na katikati ya mzigo ni 85. Tukiinua tela, katikati ya mzigo inakuwa 94. Sawa, umepanda.

Sasa tazama tunavyofanya leo, na tela hili hili la chini. Tunapakia safu tatu! Safu tatu zinafika 145, na katikati ya mzigo ni 100. Mnaona? Tela lililoinuliwa lenye safu mbili, 94. Tela la chini lenye safu tatu, 100. Hiyo safu ya tatu inaupandisha mzigo kuliko springi. Halafu juu ya safu ya tatu anakaa nani? Wanakaa vijana watano wanaokwenda mnadani, na kuku, na baiskeli. Kisha mtu anakuja kutuogopesha na sentimita 9!

Asiyeamini hesabu aje na kamba na jiwe. Funga jiwe kwenye kamba, lining'inize kwenye kijiti kilichosimamishwa katikati ya tela, kwenye kimo cha katikati ya mzigo. Inua upande mmoja wa tela kwa jeki. Jiwe likiwa bado ndani ya matairi mawili, tela linasimama. Jiwe likitoka nje ya tairi, tela linakwenda. Kijiti kikiwa kirefu, jiwe linatoka mapema. Mtoto wa darasa la nne ataelewa.

Kwa hiyo napendekeza sheria ya mzigo, iandikwe kwa rangi nyeupe ubavuni mwa tela, herufi kubwa: SAFU MBILI, MTU HAPANDI. Wa kupanda ni dereva peke yake, kwenye kiti chake. Mzigo upakiwe ukizidi kidogo mbele ya ekseli, usizidi nyuma, maana nyuma ikizidi mkono unainuka na pawatila inakosa kushika ardhi. Nyuma ya tela kiwekwe kibao chekundu kinachong'aa usiku, kwa sababu barabara kuu si yetu peke yetu, malori ya Mbeya yanapita pale. Na sheria hii iwe ya wote. Asiseme mtu mimi mjumbe, mimi shemeji ya mwenyekiti, mimi Katibu wa Chama. Tela haliangalii kadi. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ina vyama vingi, na humu ushirikani wamo wa CCM na wamo wa vyama vingine, mpunga wao ni mweupe sawasawa. Tope nalo halina itikadi.

WANAOSEMA TUNGOJE

Kundi hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana halibishi, linasinzia. Linasema: "Mwaka wa uchaguzi utafika, tutaahidiwa tela jipya." Au: "Mfadhili fulani aliandika majina." Ndugu zangu, Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 lilisema habari ya kujitegemea, na hayakuwa maneno ya kupamba kalenda. Kujitegemea ni kuhamisha springi kutoka chini kwenda juu kwa fundi wetu na fedha yetu, badala ya kuandika barua na kungoja jibu huku mpunga unaota ndani ya gunia. Tela jipya likija, karibu, tutalipokea kwa ngoma. Likija la chini nalo tutaliinua, ufundi tutakuwa nao.

HALMASHAURI YA USHIRIKA NAYO ISIKIE

Siwezi kuwasema wanachama nikawaacha viongozi. Tela lililala msimu mzima, wala hakuna karatasi hata moja iliyobandikwa hapa kueleza kwanini. Kila gunia lilipopita ghalani lilikatwa fedha ya matengenezo. Fedha ile ipo? Isomwe. Ushirika unaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na Mkutano Mkuu ndio mkubwa wa wote. Kwa hiyo nadai haya:

Moja. Fedha ya mfuko wa matengenezo isomwe Mkutanoni, shilingi kwa shilingi.

Mbili. Mafundi wa kuchomelea watatu waandike bei zao na namna watakavyofanya, karatasi zao zibandikwe ukutani hapa siku saba kabla ya kazi. Fundi atakayeandika "mbao" asirudi.

Tatu. Msaragambo wa kujaza mifuo upangwe kabla ya mavuno ya kwanza, kila kitongoji kipewe urefu wake wa njia, na wajumbe waonekane na majembe, wasionekane na madaftari tu.

Nne. Siku tela litakapovuka tuta mara ya kwanza, mzani utolewe nje ya ghala, uwekwe pale mlangoni kila mtu auone, na gunia lolote lenye kilemba lifunguliwe hadharani.

Najua watakaonuna. Anayekula kwa lumbesa hatapenda njia ikitengemaa, kama kupe asivyopenda josho. Watasema Katibu ameacha siasa amegeuka fundi gereji. Nami nauliza, siasa ni nini kama si hii? Tuta ni sentimita 45, tela ni sentimita 40, na katika zile sentimita 5 zilizopungua ndimo jasho la kijiji kizima linamopotelea. Siasa isiyoweza kupima sentimita 5 haitaweza kupima unyonyaji.

Siku ya Mkutano njooni wengi, akina mama hasa, maana kura ya anayebeba kichwani ina uzito wake. Dalali hana kura Mkutanoni, nyinyi mnazo. Atakayepinga apinge kwa hoja na futi kamba mkononi. Futi kamba ya ushirika ipo kwa karani, haikodishwi, inaazimwa bure.

Tela lipande, lumbesa ishuke!

Ushirika ni nguvu.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Katibu wa Tawi